Mgonjwa Lazima Alale

Mke wangu amefariki, na sasa naweza kuandika habari ya siku aliponisemea mbele ya watu wa chama. Alipokuwa hai hakupenda niitaje. Alisema mambo ya chumbani hayatolewi barazani. Mimi naona yamekaa chumbani vya kutosha.

Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha, nasi tulikuwa tumepanga chumba Changamwe. Nilikuwa mshona magunia katika bohari moja karibu na reli. Kazi yenyewe ni kufunga mdomo wa gunia kwa sindano ndefu na uzi wa katani, upesi, kabla mpagazi hajaja kulibeba. Hapo ndipo nilipopatwa na rovu. Shingo ilivimba mbele, si sana, kola ya shati iliweza kuficha. Kilichonitesa si uvimbe. Moyo ulikwenda mbio hata nikiwa nimekaa. Mikono ilitetemeka. Jasho lilinitoka asubuhi ya kipupwe wenzangu wakiwa wamejikunyata. Nilikula sima ya watu wawili na bado suruali ikawa yanishuka. Na sikuweza kutulia. Nikiketi, miguu yataka kwenda. Nikilala, naamka nikafagie ua uliokwisha kufagiwa.

Daktari wa kampuni alinipa dawa ya matone, ya rangi ya kahawia, yenye ladha ya kutu, niitie katika maji kila siku. Alinieleza kwamba haya ni maradhi ya kukaa nayo, na kwamba huenda siku za mbele nikapasuliwa. Lakini mpaka hapo nisiache matone, maana nikiacha, moyo waweza kunishinda. Dawa hiyo mfanyakazi aliipata bure. Bahati mbaya mikono yangu haikutulia mapema. Mishono ilikwenda upogo, magunia yakafumuka ndani ya behewa, na mnyapara akaniachisha. Nilipotoka getini siku ile nilikuwa nimepoteza kazi na dawa kwa pamoja. Mombasa kisiwani dawa iliuzwa, lakini kwa bei ya mtu mwenye mshahara.

Kimbilio lilikuwa moja. Sisi watu tuliotoka upande wa Rabai tulikuwa na chama chetu cha kusaidiana katika maradhi na mazishi, na nilipokuwa kazini sikuwahi kukosa kutoa mchango wangu. Kanuni zake zilijulikana na wote. Asiyetoa kwa miezi mitatu hutolewa, isipokuwa akiwa mgonjwa. Mgonjwa husamehewa mchango na dawa yake hununuliwa na chama. Mimi nilikuwa katika mwezi wa tatu bila kutoa, na chupa yangu ilikuwa imebaki unyevu tu chini.

Lakini chama kiliwahi kudanganywa na wavivu, kikaweka sharti: mgonjwa lazima alale. Wajumbe hutumwa kumtazama kitandani. Wakimkuta anatembea, basi ni mzima. Sharti hilo niliwahi kuliunga mkono mimi mwenyewe, sikuwa nimesikia ugonjwa unaomkataza mtu kulala.

Wajumbe waliahidi kuja Jumapili baada ya ibada. Mwenye nyumba wetu, mama mtu mzima wa Kiislamu aliyezaliwa papo hapo bara ya Mombasa, alisikia habari hiyo akaja chumbani bila kuitwa. Alinitazama nikizunguka.

"Mwanangu, lala," akasema. "Ugonjwa wataka kuonekana. Wallahi hivi ulivyo wafanana na mtu anayetafuta kuku wake."

Mke wangu hakucheka. Alitandika kitanda, akanifunga kitambaa kichwani, akanifunika shuka mpaka kidevuni. Alifanya yote hayo bila kunitazama usoni. Alikuwa mtu asiyeweza hata kumwambia mchuuzi kwamba papai halijaiva ili apunguziwe bei. Aliponiambia nifumbe macho, sauti yake haikuwa yake.

Wajumbe walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mzee wa chama, mtu mpole aliyeongoza sala kanisani. Wa pili alikuwa fundi cherehani mwenye mdomo, ambaye kibanda chake kilikuwa njiani, na kila apitaye alimwona. Walisalimu, wakapewa viti. Mzee aliuliza hali yangu, mke wangu akajibu kwamba si njema, na hilo lilikuwa kweli. Kisha wakanikazia macho.

Sijapata kufanya kazi ngumu kama kulala pale. Moyo ulinipiga mpaka masikioni. Jasho lilipenya kitambaa likaniingia machoni. Nilikaza magoti, nayo yakazidi kutetemeka, na shuka ikaanza kwenda kama kitu kilicho hai chini yake.

"Mgonjwa wenu jana alinipita kama gari la moshi," fundi akasema. "Nikamwita, hata hakusikia. Leo ndiyo hawezi kufungua macho?"

Mzee akamwambia aseme taratibu. Fundi akasema yeye hana ugomvi na mtu, ila fedha ni za watu, na wajane nao wanatoa. Nilijua ana haki. Nilijua pia kwamba nikivumilia kidogo tu wataondoka, na dawa itapatikana. Mguu mmoja ukatoka nje ya shuka wenyewe. Nikaurudisha. Ukatoka tena.

Mke wangu akasimama.

"Wazee, nisameheni," akasema. "Kitanda hiki nimekitandika mimi ili mdanganyike. Mume wangu halali. Mchana halali, usiku halali. Angaliweza kulala, nisingaliwaita."

Akanivua shuka. Nikakaa kitako, kitambaa bado kichwani, na aibu niliyoiona siwezi kuipima.

"Bwana fundi, umesema kweli, alikupita mbio. Sasa njoo umshike shingo."

Fundi alisita, kisha akaja, akaweka vidole pale penye uvimbe, mshipa ukipiga mbio chini yake. Hakukaa navyo. Aliviondoa kama aliyegusa pasi ya makaa, akamtazama mzee. Mzee naye akaja akashika, muda mrefu, midomo ikimchezacheza kama anayehesabu mapigo.

Walitoka uani kushauriana. Sisi tulibaki ndani. Tulisikia sauti ya fundi zaidi kuliko ya mzee, na kwa mshangao wetu yeye ndiye aliyekuwa akitafuta njia. Walirudi na uamuzi huu. Kanuni hawawezi kuivunja wao wawili. Aliyekutwa hajalala hawezi kusamehewa mchango. Lakini katika msiba uliopita maji yalikosekana, wapishi wakagombana. Iwapo mke wangu atakubali kuchota maji katika kila msiba wa chama, kazi yake itahesabiwa kuwa mchango wangu, na dawa itanunuliwa.

Mke wangu alikubali kabla sijafungua kinywa. Mzee akamwuliza kama ameelewa kwamba misiba haina ratiba. Akajibu kwamba ameelewa.

Chupa ililetwa wiki ile ile. Na msiba haukukawia; alikufa mwanachama mmoja mzee upande wa Magogoni, ng'ambo ya kisiwa, nasi tukatoka alfajiri. Sikuweza kumwacha mke wangu aende peke yake, wala sikuweza kubaki chumbani. Tulipofika, wanaume walikuwa wamekaa mkekani. Kisima kilikuwa mbali, na njia ilikuwa ya mchanga. Nilimwona akirudi na debe kichwani, shingo imekaza, maji yakimwagikia begani. Akaenda tena. Aliporudi mara ya pili miguu yangu ilikuwa imekwisha kuninyanyua. Nilimkuta njiani nikanyoosha mikono nimpokee.

Hakusimama. Alisema kwa sauti ya chini, ili wanawake waliokuwa nyuma yake wasisikie:

"Nimewaambia u mgonjwa. Usinifanye mwongo. Rudi ukae."

Nilirudi mkekani. Fundi alikuwa pale, akasogea kunipa nafasi. Nilikaa, nikashika magoti yangu kwa mikono miwili ili yatulie, nikamtazama mke wangu akienda kisimani na kurudi, akienda na kurudi, mpaka mapipa ya wapishi yakajaa.