Amplifaya Yenye Chuchu Nne

Amplifaya ile ya zamani, ya chaneli tano, ya kutazamia sinema nyumbani, niliikuta kwa muuza mitumba Mpanda mjini. Baba nilimwomba anisindikize kwa ajili ya pikipiki yake, si kwa ushauri. Lakini baba ni mfugaji, hanunui kitu bila kukishika. Aliinyanyua, akaguna: "Huyu ana nyama." Akanusa matundu ya nyuma: "Hajaungua." Ilipowashwa, akaiwekea kiganja mgongoni, akangoja. "Hana homa."

Watu walicheka. Mimi, fundi redio mwenye mita mkononi, nilikereka hasa. Nikapima chaneli moja moja, nikakuta ya tano imekufa.

"Twende zetu, baba. Mbovu hii, zinafanya kazi nne tu."

Akanishangaa kwelikweli. "Nne? Kwani ng'ombe ana chuchu ngapi?"

Akailipia yeye, tukaifunga kwenye pikipiki, nikanuna mpaka nyumbani Sitalike.

Vipuri vya chaneli ya tano nilishavipata siku nyingi, na sijawahi kuvifunga. Kila Jumapili nyumba inapojaa nyimbo za kwaya, namshukuru baba, kisha huyu amplifaya namwekea kiganja mgongoni na kungoja.

Hana homa.