Kidole Gumba cha Mama

Sijasomea kuchora. Nilijifunza kwa kuutazama mkono wangu wa kushoto huku wa kulia ukishika penseli. Hata hivyo, kila Jumamosi asubuhi nawafundisha watu tisa kwenye ukumbi wa serikali ya mtaa, Kiwalani, kama vile najua ninachofanya.

Jumamosi ile nilikwenda na picha yangu nimeifunga kwa khanga. Mama yangu akipepeta mchele. Miezi saba ya kazi. Ilikuwa imekubaliwa kwenye maonyesho kule Kawe, na mwisho wa kupokea picha ulikuwa saa sita mchana wa siku hiyo. Nilishamwita bodaboda aje aipeleke.

Nikimsubiri, nikapita kukagua kazi. Somo lilikuwa mkono ulioshika kikombe. Mikono tisa, na yote kidole gumba kimeota juu, ubavuni mwa kidole cha shahada, badala ya kuanzia chini karibu na kifundo.

"Nani kawafundisha hivi?"

Wakacheka. Mmoja wao, mama anayepaka maharusi hina, hakucheka.

"Si wewe, ticha? Mie nikajua ndiyo staili. Mkono huu nisingeupaka hina, ningeupeleka hospitali."

Nikafungua khanga. Kidole kilekile kilikuwepo. Kwenye mkono wa mama yangu, kimeugusa ungo bila kuushika. Miezi saba nilikuwa nakitazama, nikihangaika na mikunjo ya kitenge.

Rangi ya mafuta haikauki kwa saa mbili. Kukirekebisha nisingewahi, na kuipeleka picha vile nilihisi kama kumtoa mama hadharani na mkono uliovunjika.

Nje honi ikalia. "Sista, mzigo uko wapi?"

"Hakuna mzigo, kaka. Nisamehe."

Akaondoka akinung'unika. Yule mama akaniangalia.

"Mwaka jana yalikuwa macho. Ukasema hayako sawa, picha ikabaki nyumbani."

"Lakini hiki kimekosewa kweli, mama."

"Kimekosewa. Nani kakataa?"

Tangu nianze kuchora, hakuna picha yangu hata moja iliyowahi kutoka mikononi mwangu.

Msichana wa mbele akainua ufutio. "Ticha, sasa tufute?"

"Msifute," nikasema, haraka mno. "Uacheni mkono ulivyo. Choreni mwingine pembeni, muone tofauti."

Yule mama akaweka mkono wake mezani, akashika kikombe, tumwangalie. Wakainama wote. Mistari ya kwanza ikatoka imepinda, na hakuna aliyejali.

Namba ya bodaboda ilikuwa bado juu kabisa kwenye simu, na saa ilikuwa nne na nusu. Nikaifunga picha upya, mafundo mawili. Nikachukua penseli nami nikakaa kuchora.

Saa sita ilipofika, wao walishamaliza. Mie nilikuwa bado nafuta.