Kumbe Kasa ni Mluguru

Binti yangu alipopata kazi Mafia, ya kulinda mayai ya kasa, mimi nilishangilia. Mama yangu alinuna. Kwetu Uluguru shamba hufuata tumbo la mama, na mama hakuzaa binti ila mimi, nami sikuzaa binti ila huyu. Sasa mama jembe limemshinda kwa uzee, na mjomba, mkubwa wa ukoo, alishatamka: Jumamosi anakuja, na kama hakuna mwanamke wa tumbo letu atakayelima, shamba lile watapewa wa tumbo lingine.

Basi nikapanda mlima na binti yangu kutoka kwangu Bigwa, kule chini. Njia nzima nilimhubiria: mwambie bibi utarudi, hata kama ni kwa kumridhisha tu. Yeye anacheka. Watoto wa siku hizi, wallahi!

Tulimkuta mama barazani akichambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Nasikia umeolewa na samaki."

"Kasa si samaki, bibi." Akakaa chini, akaanza kumweleza. Dunia ina sumaku yake, hiyo hiyo inayovuta sindano ya dira, na kila pwani ina mvuto wake. Kasa akianguliwa mchangani anaishika sumaku ya pale, kama mtoto anavyoshika harufu ya mama. Kisha anatokomea baharini, mbali kabisa. Akishapevuka, jike anaifuata sumaku ile mpaka pwani ya kwao, anapanda kutaga.

"Na dume?"

"Dume hapandi, bibi. Anaishia majini huko huko."

Mama akaacha maharage. "Alaa! Kumbe kasa ni Mluguru!"

Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Moyoni nikasema, hapo hapo mwanangu, malizia.

"Sasa anakaa muda gani huko kabla hajarudi?" Mama aliuliza, na safari hii hakuwa anacheka.

Binti yangu akanitazama. Nikamkonyeza. Wapi!

"Wengine hata miaka thelathini, bibi. Na mimi sijui kama nitarudi kulima. Sitaki kukudanganya."

Nilikasirika, acha tu. Kazi yangu yote ya njiani ikawa bure. Mama akapepeta maharage, akapuliza takataka.

"Wewe nenda kazini kwako, mjukuu wangu," akasema. "Wewe bado mbichi. Mimi ninayemsubiri ni huyu mama yako. Alishuka mlima huu msichana, hajapanda ila kusalimia."

Jamani. Nilihisi uso unawaka, mtu mzima mimi, mwalimu ninayestaafu mwaka huu. Nilitaka kusema nina nyumba yenye umeme, nina magoti mabovu, matuta yale ni ya watu wenye nguvu. Vyote vilikuwa kweli. Nilichukua maharage nikayabandika jikoni, nikalia na moshi ukinisaidia kuficha.

Jumamosi mjomba alikuja. Akanywa uji wake taratibu, akafuta mdomo, akauliza ni mwanamke gani wa tumbo hili atakayelima. Binti yangu alitazama chini. Mama naye hakunitazama, alishika ukingo wa kanga yake akawa anaukunja na kuukunjua.

"Mimi, mjomba," nikasema.

Mama aliinuka, akaingia ndani, nikamsikia ananitandikia kitanda.