Kikapu Kilichopita Mlangoni

Nilipokuwa mtoto kule Koboko, karibu na mpaka wa Sudan, miaka ile ya sabini ambayo baba zetu wengi waliishi kwenye kambi za jeshi na sisi tukalelewa na wanawake, mjamzito hakuomba msaada kwa mdomo. Alituma kikapu. Kikapu kidogo cha ukindu, simsim ya kukaanga ndani yake, kitambaa juu, na msichana wa kukibeba bila kusema neno njiani. Kikirudi na chumvi, mwenye nyumba amekubali kuja kushika mgongo. Kikirudi kitupu, utafute mlango mwingine.

Mshika mgongo hakuwa mkunga. Mkunga alikaa mbele akimpokea mtoto. Mshika mgongo alikaa nyuma ya mzazi, akamwegemeza kifuani, akamfuta jasho, na zaidi ya yote akawa mdomo wake. Kwetu mwenye uchungu hakutakiwa kuomba kitu. Akiomba, watu husema huo ni uchungu unasema, na hakuna anayeinuka. Kwa hiyo alimwambia mshika mgongo wake, na mshika mgongo ndiye aliyetangaza: ana kiu, fungueni dirisha, leteni gari. Neno la mshika mgongo halikubishiwa hata na mama mkwe. Siku hizi nasikia kuna watu wanaisomea kazi hiyo mijini, na wanaiona mpya.

Kumpata kulikuwa na masharti. Asiwe na mimba, asiwe na ugomvi na mzazi, na kubwa kuliko yote, mtoto wake wa kwanza awe hai. Mwanamke aliyemzika mzaliwa wake wa kwanza, walisema, hutembea na mtoto huyo ndani ya kivuli chake, na kivuli hicho kikifika kwenye mlango wa nyumba ya uzazi, mtoto wa ndani haingii duniani akiwa mzima. Hakuna aliyeuliza kama mwanamke huyo ana moyo au ana akili. Waliuliza habari za kaburi tu.

Sharti hilo ndilo lililomfunga jirani yetu Mama Asha. Asha alikuwa mtoto wake wa pili. Jina la yule wa kwanza sikuwahi kulisikia likitajwa. Mama yangu alimpenda Mama Asha kama ndugu. Mama alikuwa mtu wa Logiri, mbali huko upande wa pili wa Arua, na katika nyumba ile ya wakwe hakuwa na mtu wake. Mama Asha peke yake ndiye aliyejua kutofautisha kimya chake cha hasira na kimya chake cha maumivu.

Asubuhi moja Mama, mimba yake ikiwa imekua, alinipa kikapu, akanionyesha kwa macho nyumba ya Mama Asha. Sikufika. Haboba, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama yake baba, alikuwa anafagia uani akatazama miguu yangu inaelekea wapi.

"Kikapu iko nakwenda wapi?"

Nilinyamaza, maana ndivyo nilivyofundishwa.

"Huyo mama alizika ya kwanza. Unataka ndugu yako akufe?"

Akanishika bega, akanigeuza, akafuatana nami hadi kwa Mama Ramadhani. Ramadhani, mzaliwa wa kwanza, alikuwa hai na mnene, kazi yake kuturushia mawe sisi wasichana. Sifa ya mama yake ilikuwa hiyo tu. Vinginevyo alikuwa mwanamke mwoga aliyemtetemekea Haboba kuliko sisi watoto. Chumvi ilitolewa pale pale. Mama alipofunua kitambaa na kuambiwa imetoka wapi, alisema, "Asante, mama," akaenda kuchota maji.

Siku ilipofika, uchungu ulianza alfajiri, na kufikia adhuhuri mkunga alikuwa ameacha kuimba. Mimi nilikuwa chini ya dirisha nikichambua mchele, na mchele ule sikuuona. Barabarani lilikuwa limesimama lori la tumbaku, ambalo lingeondoka kwenda Arua baada ya sala ya alasiri. Hospitali ilikuwa Arua. Kila mtu uani aliliona lile lori, na hakuna aliyelitaja.

Nilimsikia Mama akisema, "Waambie gari."

"Vumilia, mama," Mama Ramadhani akajibu. "Iko karibu."

"Waambie."

Mama Ramadhani akatoka nje, jasho likimtiririka. Akamtazama Haboba pale mkekani. Akafungua mdomo. Akaomba maji ya kunywa, akanywa, akarudi ndani.

Mama Asha naye alikuwa na masikio ng'ambo ya ua. Nilimwona akienda kusimama mbele ya lori mpaka dereva akazima injini. Kisha akaja kwetu, akasimama mbali na mlango, mikono imefungwa tumboni.

"Haboba, huyu mutu iko nachoka. Gari iko nangoja. Mimi siingii ndani. Mubebe yeye tu."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mutu."

"Basi rudi nyuma. Kivuli yako iko nafika mlangoni."

Jua lilikuwa limeinama nyuma yake, na kweli kivuli chake kilikuwa kimelala uani, kichwa karibu na kizingiti. Sote tukakitazama. Mama Asha naye akakitazama, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alikitazama. Akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka akatoka uani.

Lori likaondoka. Mdogo wangu alizaliwa jua likitua, mtoto wa kiume, wala hakulia. Haboba akasema, "Niliwaambia," na majirani wakatikisa vichwa. Onyo lake lilikuwa limetimia mbele ya mashahidi, na tangu siku hiyo hakuna mjamzito aliyetuma kikapu pale mtaani bila kumuuliza kwanza. Mama Ramadhani hakuulizwa na mtu alikuwa ameambiwa nini mle ndani.

Mama hakumsalimu tena Mama Asha. Mwanzoni nilidhani ni aibu, kisha nikamsikia akimwambia mgeni, "Kivuli chake kilifika mlangoni." Nilimchukia kwa maneno hayo miaka mingi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, husemwa, na mimi nilijiona naujua kuliko yeye. Nilipokuwa mtu mzima nikaelewa kidogo. Mbele yake Mama alikuwa na miaka mingi ya kula chungu kimoja na Haboba, kumpikia, kumwogesha uzeeni. Kivuli cha jirani kilikuwa chepesi kubeba kuliko ukweli wa mama mkwe. Vita vilipotutawanya, Mama Asha alivuka mpaka kwenda Sudan, na sikumwona tena.

Niliolewa Arua, upande wa Mvara. Mzaliwa wangu wa kwanza alikuwa msichana. Homa ilimchukua kabla hajajifunza kutembea. Waliomfuata wote wapo.

Kisha mdogo wangu Zainabu, aliyeolewa jirani na mimi, akapata mimba yake ya kwanza. Niliweka chumvi safi kwenye kopo, tayari. Nilikuwa nimekaa mlangoni namenya muhogo nilipomwona msichana akija na kikapu chenye kitambaa, na Mama, aliyekuwa amekuja kukaa kwa Zainabu, nyuma yake, mzee sasa, mkono begani mwa yule mtoto. Nikasimama nikajifuta mikono.

Mama akanisalimu vizuri. Akauliza habari za watoto wangu, mmoja mmoja. Halafu akamgeuza yule msichana kwa bega, wakashika njia ya kwa jirani. Jua lilikuwa limeinama ubavuni mwa nyumba, na kivuli changu kilikuwa kimelala mpaka njiani. Mama, na magoti yake yale mabovu, alikizunguka.

Watu huniambia nimsamehe, kwamba ni mila, kwamba ni uzee. Mila ningeisamehe. Lakini yeye alikuwa mle ndani siku ile, akaomba gari mara mbili, na anajua aliyeshindwa kusema alikuwa nani.

Chumvi ile niliipikia mboga jioni hiyo hiyo.