Wimbo wa Mbaruku

Tatu binti Mwinyimvua alizaa mara tatu kabla ya Sitara, na mara zote tatu alitoka arobaini mikono mitupu. Majirani zake wa Kariakoo hawakuwa watu wabaya, ila walikuwa na midomo. Akifika bombani na ndoo yake, mazungumzo yalikatika. Ndugu za mumewe walianza kumuuliza mumewe, Mgeni, ambaye alikuwa kuli bandarini, anangoja nini kuoa mwingine. Mtoto wa nne alipozaliwa, mwaka 1951, Tatu mwenyewe ndiye aliyechagua jina.

"Aitwe Sitara," alisema. "Amenisitiri."

Mtoto akavuka arobaini. Akavuka mwaka. Akawa na meno ya mbele yaliyoachana na tabia ya kukataa kulala mchana, na kwa sababu hiyo Tatu akamtungia wimbo. Hakukaa chini akautunga. Ulimjia tu, siku hadi siku, akiwa amemfunga mgongoni huku akitwanga mchele wa vitumbua.

*Sitara, nisitiri,*
*baba yako yu gatini,*
*akirudi na mchele*
*tutakula sote jioni.*
*Sitara, nisitiri,*
*wasinione machozi.*

Alikuwa na namna yake ya kuuimba. Neno *nisitiri* alilishusha chini sana, karibu na mnong'ono, kisha akanyamaza, akampigapiga mtoto mgongoni kwa kiganja mara mbili, ndipo akaendelea. Mtoto alizoea hivyo. Asipopigwa hizo mbili alifumbua macho.

Nyumba waliyopanga ilikuwa ya bi Kijakazi, mjane wa makamo, na kuta za vyumba vyake hazikufika juu kwenye paa. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita alimpa pole. Kwenye chumba kilichopakana na cha kina Tatu alikaa kijana mmoja anaitwa Mbaruku, fundi cherahani, mpole, mwenye gitaa alilolipenda kuliko chakula. Alikuwa akipiga katika bendi ya Wapendanao Jazz, bendi ambayo wakati huo hakuna aliyeijua nje ya mitaa miwili mitatu.

Sitara alikufa kwa surua, mwaka 1954, siku ya Alhamisi, akiwa na miaka mitatu kasoro. Wanaume walimchukua alasiri, Mgeni akiwa amembeba mwenyewe mikononi kwa jinsi alivyokuwa mdogo. Mbaruku naye alikwenda kuzika. Tatu alibaki ukumbini na wanawake. Hakulia kwa sauti. Bi Kijakazi alisema baadaye kwamba afadhali angepiga ukunga, maana ule ukimya wake uliwatisha waliokuwamo.

Baada ya hapo hakuuimba tena ule wimbo. Aliutia ndani kama mtu anavyofungia nguo za marehemu kwenye sanduku. Kila alipoamka alijua upo, na hilo lilimtosha kumtoa kitandani, akawasha moto, akachoma vitumbua, akavipeleka sokoni. Mbaruku alihama mwaka uliofuata, bendi yake ikaanza kuitwa huku na huku, na watu wa chumba chake walikuwa wengine.

Asubuhi moja ya mwaka 1956 Tatu alikuwa amekaa mahali pake karibu na soko, sinia mbele yake, ng'ambo ya hoteli moja ya chai. Mwenye hoteli alikuwa na gramafoni, na alipenda kuielekeza barabarani ili kuita wateja. Akaweka santuri. Ikaanza na gitaa, halafu ngoma, halafu sauti ya mwanamume.

*Sitara, nisitiri.*

Tatu aligeuka nyuma kuangalia nani amemwita mwanawe.

Sauti ikaendelea. Maneno yalikuwa yale yale mwanzoni, kisha yakabadilika. Baba wa gatini hayupo, mchele haupo, badala yake kulikuwa na mwanamume anayembembeleza mwanamke aitwaye Sitara amfungulie mlango asije akaaibika mbele za watu. Na pale penye *nisitiri*, sauti haikushuka. Ilipanda juu, ikavutwa, tarumbeta likaijibu. Wanaume waliokuwa wakinywa chai waligonga meza kwa vidole.

Mwanamke aliyekaa jirani yake, muuza mchicha, alikuwa anatikisa mabega. "Huu sasa ndio wimbo," alisema. "Wa Mbaruku huu. Hujausikia? Dar es Salaam nzima wanauimba."

Tatu alisimama, akaacha sinia lake pale pale chini, akarudi nyumbani kwa miguu bila kitu mkononi.

Mgeni aliporudi kutoka kazini alimkuta amekaa kitandani. Tatu alimweleza. Mgeni aliinama, mikono ikatafuta kamba za viatu ambavyo alikuwa ameshavivua.

"Ulijua," Tatu alisema.

"Nilijua. Tangu mwezi wa Ramadhani. Makuli wanauimba wakivuta magunia."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini?" Mgeni alitazama chini. "Bi Tatu, nitasema kweli. Mimi naupenda. Nikitoka kazini napitia pale hotelini, naagiza chai, nangoja wauweke. Mtoto alikaa duniani miaka mitatu, hakuna aliyemjua isipokuwa sisi na bi Kijakazi. Sasa jina lake linatajwa na watu wasiohesabika. Mimi linanipa nguvu."

"Wanamtaja malaya asiyefungua mlango. Hawamtaji mwanangu."

"Mimi nikilisikia namwona yeye."

"Mimi nikilisikia simwoni," Tatu alisema. "Ndilo ninalokuambia. Nikilisikia simwoni."

Hakuna siku iliyopita bila wimbo ule. Uliimbwa bombani. Ulipigwa kwenye redio ya duka la kitambaa. Watoto wa mtaani waliurukia kamba. Harusini mabibi harusi waliingizwa nao. Tatu alijaribu kujitia pamba masikioni, akajaribu kuuza vitumbua upande wa Mnazi Mmoja, akajaribu kukaa kwa shangazi yake Buguruni kwa wiki mbili. Buguruni nako kulikuwa na kinyozi mwenye gramafoni, na santuri aliyokuwa nayo ilikuwa moja.

Mwisho akaenda kwa Mbaruku mwenyewe.

Alimkuta bado ana cherahani, kwenye baraza ya duka, ingawa sasa alivaa saa ya mkononi na watu walisimama kumtazama. Alipomwona Tatu aliinuka haraka.

"Shikamoo, mama Sitara."

Ilikuwa imepita miaka miwili bila mtu kumwita hivyo.

"Marahaba. Nimekuja kukuomba uache kuuimba."

Mbaruku hakujifanya haelewi. Alimletea kigoda akae, yeye akachutama mbele yake kama mtoto wa nyumbani. Alisema wimbo aliusikia ukutani miaka mitatu, ukamwingia. Baada ya mazishi aliona haumtoki kichwani, akaupiga kwenye gitaa peke yake, kwa uchungu tu. Wenzake wakausikia, wakaongeza maneno, wakauchangamsha. Watu wa santuri walipokuja kutoka Nairobi wakasema, huo huo, nyingine hatuzitaki.

"Ungekuja kuniambia."

"Niliogopa. Kila nilipotaka kuja niliona uso wako wa siku ile." Alifuta mikono kwenye suruali. "Mama, hata nikiacha leo haitasaidia. Nina nyimbo zaidi ya ishirini. Nikipanda jukwaani wanataka huo kwanza, huo katikati, huo mwisho. Nikiimba mwingine wanazungumza. Nikifa leo watasema amekufa Mbaruku wa Sitara."

Tatu hakuwa na huruma ya kumpa. Mbaruku akafikiri, akasema:

"Jumapili hii tunapiga dansi la mchana, pale ukumbini Mnazi Mmoja. Njoo. Nitawaambia watu wote wimbo ni wa nani, na ni wa nini. Kisha uuimbe mwenyewe, kama ulivyokuwa ukiuimba. Wakiusikia mara moja ulivyo, wataujua."

Tatu alirudi nyumbani na hilo neno, na kwa siku nne alikuwa mtu mwingine. Alifua khanga zake nzuri. Alimwambia bi Kijakazi. Usiku hakulala, lakini kukosa usingizi kwake kulikuwa kwa mtu anayengoja jambo jema. Mgeni alisema naye atakuwepo.

Jumapili ukumbi ulijaa, vijana wamepiga suti, wasichana magauni ya mikunjo, joto la saa tisa. Mbaruku alifanya alivyoahidi. Alisimamisha ngoma, akasema wimbo huu nimeupata kwa mama huyu hapa, aliuimbia mwanawe, na mwanawe amekufa, tumsikilize. Watu wakapiga makofi. Wengine walicheka kidogo, wakidhani ni mchezo uliopangwa, kwa sababu bendi siku hizo zilipenda vichekesho.

Tatu alifumba macho akaanza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi.

*Sitara, nisitiri*, akalishusha neno chini, akanyamaza, kiganja chake kikapiga hewa mara mbili.

Katika huo ukimya wake ukumbi mzima ukaingia. Hawakufanya kwa ubaya. Waliona mama amesahau, wakamsaidia. Mamia ya watu wakalivuta neno juu kama walivyolizoea, na mpiga tarumbeta, bila kufikiri, akajibu. Mbaruku alimgeukia kumzuia, lakini mikono ya wapiga ngoma ilikuwa tayari imeshaanza. Tatu alijaribu kuongeza sauti ili asikike. Msichana mmoja wa mbele, mwenye sura nzuri, alimwambia kwa upole kabisa, "Mama, siyo hivyo. Sikiliza," akamwimbia.

Tatu alifumbua macho. Katikati ya watu alimwona Mgeni. Machozi yalikuwa yanamtoka mumewe, na kinywa chake kilikuwa wazi, anaimba pamoja nao, anapandisha pale wanapopandisha.

Aliteremka jukwaani, na vijana wakampisha njia huku wanampigia makofi.

Asubuhi yake, kabla ya kuwasha moto, Tatu alikaa uani akajaribu kuuimba peke yake, polepole, ili ajioshe na ya jana. Alipofika kwenye *nisitiri* sauti yake ilipanda. Akaanza upya. Ikapanda. Akajaribu kwa kunong'ona, akajaribu kwa kujipiga paja mara mbili, akajaribu kwa kuufunga mto mgongoni kwa khanga na kutembea nao uani kutoka ukuta hadi ukuta. Tarumbeta lilikuwa linamngoja kila mahali. Alijua kwamba zamani neno hilo lilishuka. Hakukumbuka lilishukia wapi.

Alikimbia kwa bi Kijakazi, akampigia magoti mlangoni. "Wewe ulimlea pamoja nami. Ulikuwa unamwimbia nikienda sokoni. Niimbie."

Bi Kijakazi alimwinua, akamkalisha, akaimba. Aliimba wimbo wa Mbaruku. Mwenyewe alijisikia, akasimama katikati, akajaribu tena, akaziba mdomo kwa upindo wa khanga.

Mgeni alijaribu usiku huo na hakuweza. Alilia, akamwomba radhi, na Tatu akamwambia amekwisha msamehe, na ilikuwa kweli, lakini hapakuwa na kitu ndani ya huo msamaha. Alikonda. Aliacha kwenda sokoni. Siku zingine alikutwa amesimama chumba jirani, kwa wapangaji wageni, ameweka sikio ukutani, akisikiliza chumba chake mwenyewe.

Ilipofika mwezi wa pili wa hali hiyo, bi Kijakazi alimtuma mtu amwite Mbaruku. Alikuja adhuhuri bila gitaa. Tatu hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Wewe uliusikia ukutani miaka mitatu," alimwambia. "Hukuuimba wakati huo, uliusikia tu. Niimbie ulichokisikia."

Mbaruku alikaa sakafuni, mgongo ameuegemeza ukutani, ukuta ule ule uliopakana na chumba chake cha zamani. Alianza. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya santuri. *Sitara.* Akasimama. *Sitara, ni.* Akasimama tena. Jasho lilimtoka. Alijaribu mpaka adhana ya alasiri. Mara moja, mara moja tu, sauti ilianza kuteremka, na Tatu akainuka magotini, kiganja tayari. Kisha ikayumba, ikapanda.

"Ninapotelea hapo hapo," Mbaruku alisema. "Nimeuimba vile mara nyingi mno, mama. Sijui ulikwenda wapi."

"Najua," Tatu alisema. "Nami ninapotelea hapo."

Mbaruku alilia kwa sauti. Tatu alimwacha alie, kisha akamletea maji ya kunawa uso, kwa sababu nje kulikuwa na watu waliomwona akiingia na walikuwa wanamsubiri.

Mbaruku hakurudi tena nyumba ile, wala hakuacha kuuimba. Tatu alirudi sokoni kabla ya mwaka kuisha, walihitaji kula. Wateja wapya walipomuuliza anaitwa mama nani alijibu mama Sitara, na karibu wote walicheka kwa furaha wakasema, kama wimbo. Alisema ndiyo, kama wimbo, akawafungia vitumbua vyao.

Mwaka 1959 alijifungua tena, mtoto wa kike, akamwita Mboni. Mboni aliishi. Wanawake wa nyumba ile walizoea kuona jambo la ajabu kwa Tatu: alimlaza mtoto wake bila kumwimbia, mdomo umefungwa, akimpigapiga mgongoni mara mbili, akitua, mara mbili tena, na mtoto akilala kwa shida.