Milango ya Donatien

Mdogo wangu Donatien ana tabia moja inayonikera tangu tukiwa watoto: ukimwambia jambo fulani haliwezekani, anakujibu "sawa," halafu anakwenda kulifanya. Hagombani, habishani, anakuacha umesimama na maneno yako mdomoni. Mimi ni dada yake mkubwa, Yaya kwake. Nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, soko la Kadutu, na kwa kuwa meza yangu inatazamana na kituo cha teksi za Nyawera, karibu maisha yake yote ya udereva nimeyaona nikiwa nimeketi.

Gari lake ni dogo, la Kijapani, usukani kulia kama mengi ya hapa Bukavu, ingawa barabarani sisi tunapita upande huo huo wa kulia. Rangi imechoka na viti vimeshonwa upya. Lakini lilikuwa na kitu ambacho teksi nyingi za laini ile hazina: milango yake ilifungwa kwa umeme. Dereva akifunga wa kwake, yote minne inafuata. Kwingine hilo ni jambo dogo. Kwetu, gari likikwama kwenye foleni ya Nyawera, kuna vijana wanaofungua mlango wa nyuma kana kwamba ni wa kwao, wananyakua mkoba na kupotelea kati ya watu. Akina mama waliotoka sokoni na mauzo ya siku waliziacha teksi zilizokuwa mbele wakamsubiri Donatien. "Ile yenye kufunga iko wapi?" ndivyo walivyouliza. Nami nilijivuna kana kwamba nimelitengeneza mimi.

Kisha, katikati ya msimu wa mvua, gari likaanza kujifunga lenyewe. Abiria anaingia, anabamiza mlango, na hapo hapo, ka! yote inafunga bila mtu kugusa. Donatien anafungua, gari linaruka shimo, linafunga tena. Vile vitufe vya kunyanyua kwa kidole kwenye milango ya nyuma vilikwisha kukatika mikononi mwa mwenye gari wa kwanza, kwa hiyo aliyekaa nyuma hakuwa na njia ya kujifungulia. Mwanzoni watu walicheka.

Kicheko kiliisha siku ya Maman Gisèle. Mama huyu anauza vitenge upande wa pili wa soko, na akimwita mteja hata mimi nageuka. Siku zile kila mtu alikuwa na hadithi ya teksi iliyochukua watu ikawapeleka porini kuwanyang'anya. Aliingia peke yake, akapakata sakoshi, mkoba wake wa pesa, akavuta mlango. Ka! Akajaribu kufungua. Haufunguki. Akajaribu tena.

"Nyamuzinda, Mungu wangu! Batu ya Mungu, ananifungia! Muniokoe, anataka kuniiba!"

Sijawahi kuona watu wakikusanyika haraka vile. Mawe yalitoka wapi sijui, maana Kadutu ukitafuta jiwe la kuzuilia meza hulipati. Mmoja akaita petroli iletwe. Nikapita juu ya meza yangu mwenyewe na sambaza zikamwagika zote. Donatien aliteremsha vioo vyote, akatoka, akaweka ufunguo juu ya boneti, akarudi nyuma mikono ikiwa wazi.

"Maman, sikukufungia. Mulango iko mugonjwa."

Nani angemsikia? Mimi nilisimama kati yake na wao nikiwataja kwa majina wote ninaowajua, na majina ya mama zao pia, ili kila mmoja ajue kwamba nitakwenda kwao kusema. Hilo liliwachelewesha kidogo. Aliyewatuliza hasa ni Papa Ezéchiel, mkuu wa kituo, mtu mnene asiyependa kusimama. Siku hiyo alisimama. Alichukua ule ufunguo, akamfungulia Maman Gisèle kwa mkono wake, akamtoa, akawaambia watu warudi makwao. Kisha akamgeukia mdogo wangu.

"Donatien, leo nilikuwa hapa. Kesho pengine sitakuwa. Hautapakia tena batu mu parking yangu mupaka ile milango ipone."

Na bila Ezéchiel hakuna anayepakia.

Nilikasirika. Nilimkasirikia Ezéchiel, Gisèle, mvua, na zaidi ya wote mdogo wangu, kwa sababu dawa ilikuwa rahisi na kila dereva alikuwa ameshamwambia.

"Kata zile nyaya, Donatien. Unakata, inaisha."

"Nikikata, Yaya, milango ya nyuma itabaki wazi siku zote. Bamaman batapanda kwangu juu ya nini?"

"Batapanda kama benye banapanda kwa bengine!"

"Na siku banamunyanganya mumoja nyuma yangu, nitamuambia nini? Kama nilikata?"

Nikamwambia hiyo si kazi yake, kwamba yeye ni dereva na si askari, na kwamba sitamzika kwa ajili ya mlango. Akasema, "Sawa." Nikajua nimepoteza muda wangu.

Luc, fundi wa umeme wa magari kule Cimpunda, aliuvua mlango wa dereva akamwonyesha ugonjwa. Ndani ya kila mlango kuna mota ndogo inayosukuma kufuli. Ile ya dereva ni mkubwa wa nyingine, maana ndani yake mna kiungo kinachoziambia zote fungeni, fungueni. Kiungo hicho kilikuwa kimelika, kila kikitikiswa kinatoa amri ambayo hakuna aliyeitaka. Mpya ilibidi iagizwe Dubai. Donatien aliulizia bei kwa muuzaji mmoja, akacheka peke yake njia nzima, kwa sababu kwa bei ile angenunua ng'ombe akaendesha ng'ombe.

Basi akatafuta iliyotumika. Gari likabaki nyumbani, naye akazunguka kwa miguu kwenye vibanda vya vipuri, akiinama juu ya marundo ya taa, rejeta na vioo. Asubuhi alikuwa ananibebea ndoo za sambaza kutoka mashua za kisiwa cha Idjwi ili apate chochote cha kula, mchana anapotea. Siku moja akarudi anang'aa. Amepata mota ya mlango wa kulia, gari la aina ile ile, na bei ya kibinadamu. Luc akaiweka. Mashimo ya skrubu yalilingana vizuri kabisa. Kisha Luc akaitazama kwa nyuma, akaguna.

"Papa, hii iko na nyaya mbili. Yako iko na tano."

Ilikuwa imetoka kwenye gari la Ulaya, lenye usukani kushoto. Katika gari lile mlango wa kulia ni wa abiria, na mota yake inajua kutii tu. Mjini kwetu, magari ya usukani kulia na ya usukani kushoto yanachinjwa kwenye vibanda vile vile, kosa hilo limewala wengi. Muuzaji alikataa kuirudisha. Nilimwambia Donatien aitupe ziwani, na ikiwezekana amtupe muuzaji pamoja nayo. Yeye aliifuta kwa kitambaa, akaitia mfukoni mwa koti, akaendelea kutembea nayo kama mtu aliyebeba rozari.

Mota za usukani kulia hazikuwako popote. Kila iliyofika ilikuwa imekwisha kununuliwa na wenye shida kama yake. Nilimwona amekonda. Mke wake Christine alikuja kwenye meza yangu, akaketi, akalia bila kuniomba kitu. Nikalia naye, kisha nikampa samaki.

Ni wakati huo ndipo Donatien alipolipata wazo lake. Kuna watu hapa wanaohamisha usukani. Wanachoka kuchungulia kila wakitaka kupita lori, au wana safari za ng'ambo ya Ruzizi, kule Rwanda wanakotaka usukani kushoto, basi wanampa fundi gari la usukani kulia na kulichukua likiwa na usukani kushoto. Mwenye pesa anamalizia na kufuli: mlango wa kushoto unapata mota mpya ya dereva. Lakini ile ya zamani, ya kulia, ile yenye nyaya tano, nani anahangaika kuitoa? Inabaki kwenye mlango ambao sasa ni wa abiria, mkubwa asiye na wa kumwamuru. Na mlango wa abiria unahitaji nini? Mota ya nyaya mbili. Ile ile iliyokuwa mfukoni mwake.

Akaanza kuwatafuta. Alikwenda Bagira, akafika hadi Kasha, akichungulia magari yaliyoegeshwa, na mara mbili alifukuzwa kama mwizi. Waliomsikiliza walimcheka: nani atavuliwa mlango wake mzima ili wa mwingine upone? Jioni moja akaja kwenye meza yangu, akanisaidia kufunika samaki, kisha akasema taratibu:

"Yaya, Papa Ezéchiel alihamisha usukani mwaka jana."

"Usisubutu. Yule njo alikufukuza. Atakucheka mbele ya batu yote."

"Sawa," akasema.

Kesho yake nilimwona akivuka barabara. Niliacha wateja wangu nikamfuata, si kwa kumsaidia, kwa hasira tu. Ezéchiel alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki. Donatien akaeleza yote, akaiweka mota mkononi mwake.

"Nilikukataza parking," Ezéchiel akasema, "na weye unakuya kuniomba mulango yangu?"

"Ni weye ulisema ipone, Papa. Batu yote banasema ipone. Nimezunguka muji muzima. Dawa iko mu gari yako, na kwako haifanye kazi yoyote."

Nilidhani atapigwa. Ezéchiel aliigeuza mota ile, akaitazama, akatazama gari lake. Nami nikaanza kumtukana moyoni.

"Tutafanya," akasema. "Lakini hapa. Batu baone kwa macho yabo."

Luc akaja na sanduku lake. Magari mawili yaliegeshwa pua kwa pua katikati ya kituo, milango yao ikavuliwa nguo mchana kweupe. Madereva walizunguka, na akina mama, Christine akiwamo, na wale walioshika mawe siku ile, ingawa hakuna aliyekumbuka kuyashika. Mota mbovu ilipita mkono kwa mkono, kila mmoja akaitikisa aisikie inavyolia peke yake. Ile ya nyaya mbili ikaingia kwa Ezéchiel, ikatii. Ile ya nyaya tano ikaingia kwa Donatien. Luc akabamiza milango, akalitikisa gari, akalirukia kwa nyuma. Kimya.

"Sasa nani atapanda?" Ezéchiel akauliza.

Hakuna aliyesogea. Mimi nilinyanyua mguu, Donatien akanizuia kwa macho. Dada yake si ushahidi. Ndipo nikaona watu wanapisha, na Maman Gisèle anapita katikati yao na sakoshi yake kwapani, amefunga midomo. Hakumwangalia mtu. Aliingia nyuma, mahali pale pale, akaubamiza mlango kwa nguvu zake zote.

Hakuna kilicholia. Akaufungua. Akaubamiza tena, akaufungua tena. Alifanya hivyo mpaka akaridhika, na mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Christine hadi akaniambia namuumiza. Kisha mama akaegemea kiti, akaiweka sakoshi mapajani. Donatien alikuwa ameketi kwenye usukani, anatazama mbele tu, hathubutu kugusa kitu.

"Unangoja nini?" Maman Gisèle akamwambia. "Niko na feza ya batu humu. Funga."