Utafiti wa Mama Watoto Kwenye Duara Langu

Mimi shule niliiona kwa nje, nikipita na ng'ombe. Mke wangu ndiyo kasoma mpaka vitabu vinamwogopa. Ni nesi hapa Buseresere, na alikuwa anasomea digrii ya pili, ya sheria na maadili, anamsikiliza mwalimu kwenye simu huku anasonga ugali.

Akabakiza utafiti tu. Aongee na wachimbaji kumi: ukiugua, bosi wako huwa anakwenda kwa nesi kuchungulia siri zako? Jumatatu asipotuma, anangoja mwaka mzima.

Sasa mimi nasimamia duara la dhahabu, shimo refu hilo, ukidondosha jiwe unakunywa chai vikombe viwili ndiyo unasikia "puu". Nikamwambia, "Lete hizo fomu. Kumi tu? Nakuletea mia!"

Nikawapanga vijana mstari, nikawapa soda, nikasema, "Sainini." Wakasaini. Mmoja anayejua kusoma akawauliza maswali, mimi nimekalia ndoo pale pale. Wote wakajibu bosi hana shida. Mwingine akaongeza, "Huyu ni malaika."

Nikarudi nyumbani natembea kama bwana harusi. Mke wangu akazisoma, akanitazama.

"Baba watoto, wakati wanajibu ulikuwa wapi?"

"Si pale pale!"

"Waliambiwa wanaweza kukataa?"

"Akatae nani? Kwenye duara langu?"

Akakaa chini. "Hii siyo ridhaa. Hili ni gwaride." Fomu zote akaziweka pembeni. Ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi asubuhi nikampeleka duarani mwenyewe. Nikasimama mbele ya vijana. "Jamani, mnaweza kukataa. Sitamfukuza mtu."

"Bosi, leo umekunywa nini?"

Wakacheka. Mmoja akajaribu, "Mimi nakataa!" Sikumfukuza. Wa pili akakataa, wa tatu, raha tupu kama sikukuu. Naona digrii inaporomokea shimoni. Nikafungua mdomo.

"Nenda, baba watoto," mke wangu akasema. "Mbali."

Nikaenda nyuma ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Nikaizunguka mpaka viatu vyangu vikachimba duara jingine. Nikichungulia, naona wanamrudia mmoja mmoja, hata yule aliyekataa wa kwanza. Aliyeniita malaika ndiye aliyekaa naye kuliko wote, anaongea kwa mikono miwili, mara ananinyooshea kidole. Huyo mwaka jana nilimuulizia kikohozi chake kwa mke wangu. Mke wangu hakunijibu. Nikamtoa kazi ya shimoni hivyo hivyo, kwa kukisia anaumwa kifua.

Jumatatu akatuma, wote kumi wametimia. Nikamsogelea. "Yule wa kikohozi alisemaje?"

"Simjui mtu wa kikohozi," akasema, anakunja nguo.

"Hata neno moja, mayo, mama yangu?"

"Shika hilo shuka upande wa pili."

Kesho yake kazini yule kijana wa kikohozi akanipitia, anatabasamu. "Shikamoo, malaika."

Nikaitikia marahaba, nikaenda kuzunguka karasha tena.